Namna ya kurudia majaribio ya kwanza ya saikolojia hapahapa Tanga, kwa ubao, chupa za maji na simu yako

Ukimwambia mtu unasoma saikolojia swali la kwanza ni haya niambie mimi sasa hivi nawaza nini, na asipouliza hivyo basi anajua ni kazi ya kushauri watu wenye shida za ndoa. Ushauri nasaha ni kazi ya maana sana, sina ugomvi nao, lakini saikolojia kama sayansi haikuanzia huko. Ilianzia kwenye saa na mizani. Walioianzisha walikuwa watu wa kushika kitu kimoja kidogo, wakakipima leo, kesho, keshokutwa, mara mia mara elfu, mpaka namba zenyewe ziongee. Na vile walivyopima wao unaweza kuvipima wewe barazani kwenu Ngamiani au Chumbageni, gharama yake haifiki hata hela ya kuku wa kienyeji. Naandika hapa hatua kwa hatua, hasa kwa walimu wa sekondari na vijana wa vyuo, maana naumia nikiona mtu anakariri 1879 Wundt Leipzig, yaani mwaka, mtu na mji wa maabara inayohesabiwa ya kwanza ya saikolojia, kwa ajili ya mtihani na hajawahi hata siku moja kushika rula akajipima mwenyewe.

Kwanza ujue tunapima nini

Mwaka 1796 kule Greenwich Uingereza, mkuu wa kituo cha kuangalia nyota, Nevil Maskelyne, alimfukuza kazi msaidizi wake David Kinnebrook kwa sababu muda aliokuwa anaandika nyota inapokatiza uzi wa darubini ulikuwa unachelewa kuliko wa bosi wake kwa kama sekunde 0.8. Akaonekana hafai. Miaka kadhaa baadae mtaalamu wa nyota wa Kijerumani, Bessel, akiwa Königsberg, akaichukulia kwa uzito hiyo habari, akaanza kujilinganisha na wataalamu wenzake, akakuta kila mtu ana tofauti yake, hata mabingwa. Kwahiyo huenda yule kijana hakuwa mzembe, binadamu ndivyo alivyo, kati ya jicho kuona na mkono kufanya kuna muda unapita na huo muda haulingani kwa watu wote.

Sasa je unapimika? Mwanafiziolojia (mtaalamu wa jinsi mwili unavyofanya kazi) mkubwa wa wakati ule Johannes Müller aliona haiwezekani, aliamini habari inapita kwenye neva, zile nyuzi za mwilini zinazobeba habari, kwa kasi ambayo hakuna chombo kitaiwahi. Mwanafunzi wake mwenyewe, Hermann Helmholtz, mwaka 1850 akachukua mguu wa chura, akashtua neva kwa umeme karibu na msuli halafu mbali na msuli, akatafuta tofauti ya muda. Akapata kama mita 27 kwa sekunde. Hiyo ni kama kilomita 97 kwa saa, yaani basi la Dar likivuka spidi ya sheria linaenda sambamba nayo! Mimi nikiulizwa mlango wa hii sayansi ulifunguka wapi nasema hapo, kwa sababu kuanzia siku ile ikawa vigumu kusema mambo ya akili na hisia hayagusiki kwa vipimo.

Kanuni ya kushika mpaka mwisho ni moja: badilisha kitu kimoja tu, vingine vyote viache vilevile. Nunua daftari la kurasa nyingi, andika tarehe, saa, nani anapima, nani anapimwa, na kila namba inayotoka, hata ile usiyoipenda. Usifute. Namba iliyokaa vibaya iandike na pembeni uandike kilichotokea, mfano pikipiki ilipita au mtoto alilia.

Jaribio la duara: bega na kifundo cha mguu

Hili ndo nalipenda kuliko yote, na linataka watu, kama 20 hivi, kwahiyo linafaa sana darasani au jioni uwanjani. Vijana wa kiume wakae duara lao, wasichana duara lao, maana kuna kushikana miguu na hutaki mtu akose raha, mtu asiyetulia anaharibu namba.

Tandikeni mikeka, kaeni duara, kila mtu kwa mkono wa kushoto amshike jirani yake wa kushoto kifundo cha mguu wa kulia. Wote mfumbe macho isipokuwa mmoja mwenye simu yenye stopwochi. Huyo mwenye simu anabonyeza kuanza na papohapo anambinya jirani yake, jirani akihisi anambinya anayefuata, hivyohivyo mpaka mbinyo umzunguke na kumrudia yeye mwenyewe, akihisi tu mguu wake umebinywa anasimamisha stopwochi. Andika muda. Rudieni.

Mizunguko ya mwanzo itakuwa mibovu, watu watacheka, mwingine atabinya kabla hajabinywa. Hiyo iache iwe ya mazoezi, usiitumie. Utaona muda unashuka, unashuka, halafu unatulia. Ukishatulia ndo mnaanza kazi yenyewe, na hapa ndo pana siri: mnafanya mizunguko kadhaa mkishikana kifundo cha mguu, kisha mkono uleule wa kushoto unahamia bega la kulia la jirani, mnafanya mizunguko ileile idadi, kisha mnarudi mguuni, kisha begani tena. Kwanini kupishanisha? Kwa sababu watu wanazidi kuzoea na pia wanachoka, ukifanya mguu wote kwanza na bega lote mwishoni utashindwa kujua tofauti uliyopata imetokana na neva au imetokana na mazoezi.

Mkono unaobinya ni uleule, akili inayoamua ni ileile, kilichobadilika ni umbali tu ambao habari inasafiri kutoka ngozini kwenda kichwani. Chukua futi ya fundi cherehani, pima kwa kila mtu kutoka kifundo cha mguu mpaka chini ya kisogo, toa urefu wa kutoka begani mpaka chini ya kisogo, jumlisha za watu wote. Tuseme kila mtu imebaki mita 1.1, watu 20 ni mita 22. Tuseme wastani wa mzunguko wa mguu umezidi wa bega kwa sekunde 0.5. Gawanya 22 kwa 0.5 unapata mita 44 kwa sekunde. Hiyo ni namba ya mfano tu, yako itatoka tofauti na ndiyo raha yake, lakini angalia ulichofanya, umepima kasi ya neva za watu hai bila kumchana chura na bila hata waya mmoja. Helmholtz mwenyewe naye alijaribu kwa binadamu kwa kushtua ngozi sehemu za mbali na za karibu, kwahiyo hujatoka nje ya njia.

Kwenye duara la wanafunzi wa kidato cha pili kuna kitu nilikiona chenye kufundisha: wakishikana mguu tu wanaanza kuinamisha kichwa kuelekea mguuni, wakishikana bega wamenyooka. Hicho ni kitu cha pili kimebadilika bila kuombwa. Waambie migongo iwe vilevile mara zote mbili.

Ubao unaodondoka: muda wa kuamua

Mwaka 1868 daktari wa Kiholanzi, F. C. Donders wa Utrecht, akaenda mbele zaidi. Akawaza hivi, kama naweza kupima muda wa kujibu kitu kimoja rahisi, na nikapima muda wa kujibu pale ambapo lazima uchague kwanza, nikitoa ule mdogo kwenye mkubwa kitakachobaki ni muda wa kuchagua wenyewe. Yaani muda wa wazo! Kabla ya hapo nani angethubutu.

Nenda kwa fundi seremala muombe vipande viwili vya ubao mwembamba ulionyooka, urefu kama sentimita 60, vilingane upana na uzito. Bandika karatasi yenye alama za sentimita kuanzia chini, sifuri iwe mwisho wa chini. Rula ya shule ya sentimita 30 inatosha jaribio la kwanza lakini la pili itakuwa fupi.

Anayepimwa akae, mkono ameulaza ukingoni mwa meza, vidole viwili vimeachana kidogo, mwenzake ashike ubao kwa juu, sifuri ikiwa katikati ya vidole. Auachie ghafla bila kuhesabu moja mbili tatu. Ukihesabu, mtu hatapima macho yake atapima ubashiri wake. Soma sentimita alizodakia, gawanya kwa 490, kisha tafuta kipeuo cha pili kwenye kalkuleta ya simu. Jibu ni sekunde. Ubao ukidakwa kwenye sentimita 20, inatoka kama sekunde 0.20. Sentimita 15 ni kama 0.175. Ukiona mtu amedaka kwenye sentimita 5, yaani sekunde 0.1, huyo alikisia, rudia.

Fanya mara nyingi, 20 angalau, tafuta wastani. Kisha shika mbao zote mbili, mkono wa kulia wa anayepimwa uko kwenye ubao wa kulia, wa kushoto kwenye wa kushoto, na wewe unadondosha mmoja tu bila yeye kujua upi. Adake ule unaodondoka, mwingine asiuguse. Zamu za kulia na kushoto zipange mapema kwa kurusha sarafu na uziandike, usipange kichwani, kichwa cha mtu kinapenda kupishanisha na mwenzako atakusoma. Wengi hapa watadakia mbali zaidi, wengine hata sentimita 40 na kitu, na sentimita 44 ni sekunde 0.30. Toa wastani wa kwanza kwenye wa pili, ndo kile Donders alikuwa anakitafuta.

Baadae wenzake walimpinga, wakasema ukiongeza uchaguzi huongezi hatua moja tu, unaweza kuwa umebadilisha kazi nzima. Hoja ina nguvu na mimi naona ni haki, mfano hapo kwetu mikono miwili imekuwa kazini badala ya mmoja. Andika hiyo kwenye daftari pia.

Basi kwanini anatajwa Wundt?

Swali zuri, maana umeshaona wenzake walitangulia. Wilhelm Wundt aliwahi kuwa msaidizi wa huyohuyo Helmholtz kule Heidelberg, akatoa kitabu chake kikubwa cha saikolojia ya kifiziolojia mwaka 1874, akaenda Leipzig 1875, na 1879 ndo mwaka unaohesabiwa kuwa maabara yake ilianza kazi. Alichofanya sio kugundua kitu kimoja cha ajabu, alifanya jambo ambalo kwangu mimi ni kubwa zaidi, aliweka mahali. Chumba, vyombo, wanafunzi, jarida la kuchapisha matokeo, ili mtu mwingine asome ulichofanya, arudie, akupinge kwa namba. Walikuwa na kronoskopu ya Hipp, saa inayohesabu mpaka sehemu ya elfu moja ya sekunde. Na wanafunzi walikuwa wanabadilishana, leo wewe unapima mimi napimwa, kesho kinyume chake, hata profesa mwenyewe alikaa kwenye kiti cha kupimwa. Wamarekani wakaja kusoma kwake, G. Stanley Hall akaenda kufungua maabara Johns Hopkins mwaka 1883, James McKeen Cattell akaonyesha kwamba mtu mzima anayejua kusoma analitambua neno fupi zima karibu kwa kasi ileile ya herufi moja. Wajerumani walipoanza kutandika reli hapa Tanga mwaka 1893 maabara ya Leipzig ilishatimiza miaka 14.

Lakini hizo namba za mwanzo zilitoka kwa watu wachache, wengi wao wanaume wasomi wa Ulaya waliojipima wenyewe kwa wenyewe. Hakuna Mdigo, hakuna Msambaa, hakuna mama muuza samaki wa Deep Sea ambaye vidole vyake vimefanya kazi na visu na chumvi miaka na miaka. Kwahiyo ukipima watu wako usione unarudia tu mambo ya Wazungu, unaongeza watu ambao hawakuwahi kuhesabiwa. Wundt mwenyewe alisema lugha, mila na dini haviingii kwenye majaribio ya aina hii, akavifanyia kazi kwa njia nyingine mpaka uzeeni.

Chupa za maji: tofauti ndogo unayoweza kuihisi

Hili ni la Ernst Heinrich Weber, naye wa Leipzig, aliyechapisha kazi yake ya mguso mwaka 1834. Tafuta chupa tupu za maji zinazofanana kabisa, sita au saba, na bomba la sindano la mililita 10 kutoka duka la dawa, lisilo na sindano yenyewe. Mililita moja ya maji ni gramu moja, hiyo ndo mizani yako. Nenda na chupa dukani kwenye mizani ya kidijitali, jaza maji mpaka chupa na maji viwe gramu 400, hiyo ndo chupa mama. Nyingine zote zianze hivyohivyo 400, halafu ongeza kwa bomba mililita 5 kwenye ya pili, 10 kwenye ya tatu, 15, 20, 30. Zifunge zote gazeti ili kimo cha maji kisionekane, namba iandike chini kwenye kitako.

Mtu afumbe macho, anyanyue chupa mama, aweke, anyanyue nyingine kwa mkono uleule, aseme ipi nzito. Mara nyingine anza na mama, mara nyingine malizia nayo, kwa sababu kinachonyanyuliwa cha pili watu hupenda kukiona kizito. Weber aliona kwa vitu vya kunyanyua tofauti inaanza kuhisika kwenye kama 1/40 ya uzito, kwahiyo kwenye gramu 400 tegemea karibu na gramu 10. Utamu uko kwenye hatua inayofuata: tengeneza seti nyingine yenye chupa mama ya gramu 200. Kama kinachohesabika ni gramu zenyewe itabidi zihitajike zilezile 10, kama ni uwiano zitatosha 5. Kwa kifupi ndo maana mchele ukiongezwa gramu 50 kwenye kilo moja mkono unajua, ukiongezwa kwenye kiroba cha kilo 25 hata mpagazi wa soko la Mgandini hajui.

Gustav Fechner, mwanafizikia aliyeharibu macho kwa kuangalia jua kwenye majaribio yake na akakaa gizani muda mrefu, ndiye aliyekaa kitandani asubuhi ya tarehe 22 Oktoba 1850 akaona kwamba kwa njia hiyo hisia na kitu kinachosababisha hisia vinaweza kuunganishwa kwa hesabu. Kitabu chake kikatoka 1860, na kabla ya hapo alinyanyua vyuma maelfu kwa maelfu. Wewe fanya mara 10 kwa kila chupa tu, inatosha kuchora grafu.

Ukiwa hapo pima na hili la haraka: njiti mbili za meno zilizotolewa ncha kali, zigusishe ngozi kwa pamoja, uliza moja au mbili? Ncha ya kidole inatofautisha zikiachana kama milimita 2, ncha ya ulimi kama 1, katikati ya mgongo zinaweza kuachana sentimita 6 na mtu bado akakwambia ni moja. Wakati mwingine gusa moja kweli, usimwambie.

Kukariri yasiyo na maana

Hermann Ebbinghaus hakuwa na maabara wala wa kumpima. Alitengeneza silabi kama 2,300 zisizo na maana, akajipima kumbukumbu yake peke yake, akachapisha 1885. Alitaka kitu ambacho hakina hadithi wala shairi ndani yake, maana ukikariri kitu chenye maana unabebwa na maana.

Kwetu ukiunganisha silabi mbili mara nyingi umeshapata neno, kwahiyo tumia tatu, mfano fezuga, mopidu, vashoke, kisha wape majirani wakague. Mmoja wa Kisambaa, mmoja wa Kidigo, mmoja wa Kibondei, na yeyote akisema hilo kwetu lipo, lifute. Andika 12 kwenye karatasi. Soma kwa mwendo mmoja bila kupambapamba, funika, jaribu kuzitaja kwa mpangilio, ukikosea rudia kusoma zote. Hesabu ni raundi ngapi mpaka umezitaja zote bila kosa. Tuseme 10. Kesho saa ileile jifunze tena orodha hiyohiyo, tuseme safari hii raundi 6. Umeokoa 4 kati ya 10, asilimia 40. Hata kama uliamka ukadhani umesahau zote, ile 40 inaonyesha kuna kitu kilibaki, na hii njia ya kuhesabu kilichookolewa ndo naiona akili kubwa kuliko yote kwenye kazi yake.

Yeye aliokoa kama asilimia 58 baada ya dakika 20, 44 baada ya saa moja, 34 baada ya siku moja, na 21 baada ya siku 31. Inaporomoka haraka mwanzoni halafu inatambaa. Kila muda unataka orodha yake mpya, usitumie ile uliyokwisha jifunza mara mbili. Kwahiyo andaa orodha nne leo, jifunze ya dakika 20 na ya saa moja siku tofauti ili zisigongane kichwani, ya siku moja ifuate, na ya siku 31 ukishaijua iweke kwenye bahasha, mpe mtu wa nyumbani aitunze, weka alamu kwenye simu na usiiombe mpaka ilie.